Mzigo Umefika Wapi? Kuchunguza Safari ya Misaada ya Kibinadamu

Nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili katika fani ya ugavi, shirika moja la misaada lilinipa jedwali la safari zote za malori yaliyopeleka chakula katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma kwa mwaka mzima. Lilikuwa jedwali safi kuliko nilivyotarajia: tarehe ya kutoka ghala kuu, tarehe ya kupokelewa kambini, idadi ya magunia, uzito na namba ya lori. Nililifanyia kazi kwa miezi miwili, na matokeo yakanifurahisha. Ijumaa ilionekana kupokea malori mengi kuliko siku nyingine yoyote, na safari zilizoanza Jumatano au Alhamisi zilikuwa fupi kuliko zilizoanza Jumamosi. Nikaandika kurasa kadhaa kueleza sababu zake, nikitaja haraka ya madereva kabla ya mwisho wa juma, foleni za mizani, na utaratibu wa kupanga misafara.

Baadaye nilipata kibali cha kuingia kambini. Siku ya tatu nilikaa na mtunza ghala, mzee aliyeifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990, nikamweleza kwa heshima kile nilichokigundua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, Ijumaa ndiyo siku tunayokaa na karani kuingiza karatasi kwenye kompyuta. Lori lenyewe linaweza kuwa lilishusha Jumatatu." Akafungua droo, akanionyesha hati za kupokelea mzigo zimefungwa kwa mpira, kila moja ikiwa na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu pembeni ya muhuri. Tarehe za kalamu na tarehe za jedwali hazikulingana hata katika nusu ya hati tulizozipitia asubuhi ile. Kwa miezi miwili nilikuwa nimepima ratiba ya karani nikidhani ninapima mwendo wa malori.

Ninaandika haya kwa ajili ya wanafunzi na watafiti wenzangu ambao sasa wanaletewa data za misaada kwa wingi usiowahi kuwapo. Tangu 2014, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kuratibu Misaada ya Kibinadamu ina hifadhi ya wazi ya data kwenye intaneti, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huchapisha tathmini za bandari, barabara, maghala na viwanja vya ndege vya nchi nyingi. Ni hazina kubwa, nami ninaitumia kila wiki. Hata hivyo kila tarakimu iliyomo imeandikwa na mtu, mahali fulani, kwa sababu fulani, na kazi ya kwanza ya mtafiti ni kumjua mtu huyo na sababu hiyo kabla hajachora grafu yoyote.

Nianze na mipaka ya uchunguzi, kwa kuwa wengi wetu huikosea mwanzoni. Ukiulizwa chakula cha Nyarugusu, mojawapo ya kambi hizo za Kigoma, kinatoka wapi, jibu jepesi ni Bandari ya Dar es Salaam. Kutoka hapo Reli ya Kati hupita Morogoro, Kilosa, Dodoma na Tabora hadi Kigoma, mwendo wa takriban kilomita 1,250, na malori humalizia kipande cha Kasulu na Makere hadi kambini. Mzigo mwingine huishia bandari kavu ya Isaka kisha hupanda malori kuelekea magharibi. Lakini si chakula chote kinachopita baharini. Mafuta ya kupikia na unga wa uji ulioongezwa virutubisho vyaweza kutoka ng'ambo, ilhali mahindi mengi yamewahi kununuliwa humu humu nchini, yakiwamo ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mtafiti akiweka mwanzo wa safari bandarini, atakuwa amechunguza mafuta na kuyaacha mahindi, kisha ataandika "chakula" kana kwamba vyote vimepita njia moja. Ninashauri kila bidhaa ifuatwe peke yake, kuanzia pale fedha zilipotolewa hadi pale inapoingia chunguni. Reli ilipokatwa na mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, bidhaa iliyotegemea bandari na bidhaa iliyotegemea maghala ya bara hazikuathirika kwa namna moja, na wastani wa jumla huificha tofauti hiyo.

Sasa nije kwenye lugha, ambako nimepoteza na kuokota mengi. Neno "umefika" ni la hatari sana katika dodoso la ugavi. Wakala wa forodha akisema mzigo umefika, ana maana kwamba meli imetia nanga au nyaraka zimepokelewa. Msimamizi wa reli ana maana kwamba behewa limeingia stesheni, hata kama litakaa humo siku tano kabla ya kufunguliwa. Dereva ana maana kwamba amesimama getini. Mtunza ghala hasemi umefika mpaka magunia yamehesabiwa na kupangwa juu ya chaga. Mama mwenye kadi ya posho ya chakula ana maana moja tu, nayo ni kwamba ameubeba kichwani. Hao wote wanasema kweli. Dodoso lenye swali "Mzigo ulifika lini?" litakusanya majibu matano ya maswali matano tofauti na kuyaweka katika safu moja. Neno "umetoka" lina shida hiyo hiyo, maana mzigo "hutoka" bandarini kwa muhuri siku kadhaa kabla ya kutoka kwa magurudumu.

Kisha kuna saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Dereva anasema ameingia saa nne, askari wa getini anaandika saa nne katika daftari lake, karani kijana anaingiza 04:00. Sekunde moja ya mazoea imelisogeza lori nyuma kwa saa sita. Niligundua kosa hili kwa kuwa jedwali langu lilikuwa na malori mengi yaliyoingia kati ya 02:00 na 05:00, wakati geti lilikuwa likifungwa usiku. Kama kosa lingekuwa upande wa mchana, kwa mfano saa tisa alasiri kuandikwa 09:00, nisingeliona kabisa, kwa sababu 09:00 ni saa ya kawaida ya kazi. Tangu hapo ninaomba daftari la getini lenyewe, ninanakili kilichoandikwa kama kilivyo, na katika safu ya pembeni ninaandika tafsiri yangu pamoja na sababu ya kuichagua. Pale ambapo siwezi kuamua, ninafanya hesabu mara mbili, kwa kila tafsiri, na kuona kama hitimisho linabadilika.

Siku nazo zina mtego wake. Mtu wa pwani akikwambia "usiku wa Jumamosi", huenda ana maana ya usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani ule ambao mtu wa bara ataita Ijumaa usiku. Madereva wa njia hii wanatoka Tanga, Mbeya, Mwanza na kwingineko, na hakuna fomu niliyowahi kuiona inayouliza dereva anahesabu siku vipi. Mimi sasa ninauliza swali moja la ziada: "Kulipopambazuka ulikuwa wapi?" Jibu lake huondoa utata wote, na madereva hulijibu bila kufikiri mara mbili.

Mtu aliyeko mbali hudhani kwamba ucheleweshaji uko barabarani. Kipimo changu cha kufuata malori kutoka ghala hadi ghala kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya muda lori limesimama: linasubiri kupakiwa, linasubiri muhuri, linasubiri mizani, linasubiri ghala la kambini lipate nafasi. Kwa hiyo mtafiti anayepanda lori na kuandika hali ya barabara anaona kipande kidogo cha safari. Inambidi ashuke akae pale linaposimama.

Kukaa huko kuna mbinu rahisi ambayo ningependa ifundishwe mapema zaidi vyuoni. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo kwa maneno ya kawaida inasema hivi: wastani wa idadi ya waliomo ndani ya foleni ni sawa na kasi ya kuingia mara wastani wa muda ambao kila mmoja anakaa. Chukua mfano wa uani ambamo, kwa wastani wa wiki nyingi, huwa kuna malori 24, na kila siku yanaingia malori 6. Gawanya 24 kwa 6, unapata kwamba kila lori linakaa wastani wa siku 4. Hukuhitaji kuonyeshwa jedwali la mtu yeyote wala kumwomba yeyote akumbuke. Ulihitaji daftari, kivuli, na uvumilivu wa kuhesabu kwa saa zile zile kila siku. Kanuni ina sharti lake: kwa muda mrefu, yanayoingia na yanayotoka yawe yanalingana. Wakati ambapo meli imeshusha shehena na uani unazidi kujaa kila siku, hesabu hiyo haikubali, na atakayeitumia kwa siku tatu za wiki kama hiyo atajidanganya.

Wastani nao hautoshi. Ndiyo maana nilianza kuandika namba za malori asubuhi na jioni, ili nijue kila moja lilikaa muda gani. Malori mengi yalikaa siku moja au mbili, na machache yalikaa zaidi ya wiki. Hayo machache ndiyo yaliyokuwa na maelezo yenye manufaa: hati moja iliyokosewa uzito, tairi lisilopatikana, kampuni ya usafirishaji iliyokuwa ikisubiri malipo ya mzunguko uliopita. Madereva na utingo wao walikuwa wakipika ugali chini ya trela, nami nilikaa nao. Sikuwapelekea orodha ya sababu za kuchagua. Niliwaacha waseme kwa maneno yao, kisha jioni nikayapanga maneno hayo katika mafungu. Fungu ambalo nisingelibuni mwenyewe hata kidogo lilikuwa "kusubiri makuli". Wapakiaji na washushaji hulipwa kwa gunia, na siku ambayo kazi nyingine inalipa zaidi, ghala hubaki na wasimamizi watupu.

Jambo jingine linalohitaji uangalifu mkubwa ni upotevu. Mtafiti akikuta gunia lililopakiwa na kilo 50 lina kilo 49 kambini, wazo la kwanza huwa ni wizi. Wizi upo, na haufai kufichwa. Lakini mahindi ni kitu chenye unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 50 lenye unyevu huo lina kilo 43.25 za mahindi makavu. Likisafiri wiki kadhaa wakati wa kiangazi na kushuka hadi asilimia 11.5, uzito wake unakuwa takriban kilo 48.9. Zaidi ya kilo moja imekwenda hewani bila mkono wa mtu kuingia ndani ya gunia. Kwa ghala lenye magunia elfu kumi, hizo ni zaidi ya tani 11, kiasi cha kumfukuzisha mtu kazi. Kwa hiyo ninasisitiza kwamba kipimo cha unyevu kiende pamoja na mizani kila mara, na kwamba gunia tupu lenyewe lipimwe. Mtafiti anayeandika neno "wizi" bila kupima unyevu anachezea riziki ya watunza ghala ambao hawana nafasi ya kujibu makala yake.

Upande wa kugawa posho, mbinu inayotumika ni kupima kikapu cha chakula mlangoni. Unachagua kaya kwa mpangilio, tuseme kila kaya ya ishirini inayotoka, unamwomba mwenye posho ruhusa, unapima kila bidhaa kwa mizani ya kuning'iniza na kulinganisha na haki yake kulingana na ukubwa wa kaya. Niliifanya kazi hiyo kwa siku nne. Mpimaji alitumia kopo, na juu ya kopo hupitishwa kibao ili nafaka isawazike. Asubuhi kibao kilipita kila mara. Kufikia mchana, mkono ulipochoka na mstari ulipokuwa bado mrefu, kibao kiliwekwa chini, na kopo likawa linajazwa kwa macho. Kaya za mchana zilipata mara nyingine zaidi, mara nyingine pungufu, na wastani wa siku ukabaki karibu na haki ileile. Ripoti iliyotaja wastani peke yake ingesema kila kitu kiko sawa. Mama mmoja, Mrundi mwenye watoto sita, alisema kwa upole wakati napima mbaazi zake, "Kaka, mimi siku zote zamu yangu ni mchana." Zamu hupangwa kwa makundi, na kundi lake lilikuwa la mwisho. Kutokana na sentensi yake nilirudi kupanga sampuli yangu upya, kwa saa ya kupokea na kwa kundi.

Niseme kwa ufupi kuhusu modeli za hesabu, ambazo ndizo zinazojaza majarida ya fani hii. Ninaziheshimu. Swali la mahali pa kuweka ghala la akiba kabla ya masika, au la namna ya kugawanya malori machache kati ya kambi tatu, haliwezi kujibiwa kwa kukisia. Ninachoomba ni kwamba muda wa safari unaoingizwa ndani ya modeli utoke kwenye vipimo, na uwe mtawanyiko badala ya namba moja, kwa sababu kipande cha udongo ambacho kiangazi hupitika kwa saa mbili kinaweza kuchukua siku mbili mwezi Aprili. Namba zinazopokezanwa bila kuguswa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Luk Van Wassenhove wa chuo cha biashara cha INSEAD aliandika mwaka 2006 kwamba ugavi huchukua takriban asilimia 80 ya juhudi za uokoaji wakati wa maafa, na tangu hapo asilimia hiyo imekuwa ikinukuliwa katika utangulizi wa makala nyingi, mara nyingi ikiwa imegeuka kuwa asilimia 80 ya gharama. Kiasi hicho kinategemea kabisa kama bei ya kununulia bidhaa imehesabiwa ndani ya ugavi. Anayekinukuu aseme anahesabu nini.

Misaada inapobadilika, mbinu nazo hazina budi kubadilika. Nchini Kenya, mpango wa Bamba Chakula ulianza mwaka 2015 katika kambi ya Kakuma, kisha ukafika Dadaab, kuwapa wakimbizi sehemu ya posho kama thamani ya kununulia kupitia simu. Mzigo haukutoweka kwa sababu hiyo. Uliingia katika malori ya wafanyabiashara, kwa Kakuma wale wanaotoka Kitale na Lodwar, na kwa watafiti hizo ni data ambazo hazimo katika jedwali la shirika lolote. Huko inabidi kuzungumza na wenye maduka, kufuatilia bei kila wiki, na kukubali kwamba leja ya duka ni siri ya mwenyewe mpaka aamue vinginevyo.

Mgumu kuliko yote ni uchunguzi wa dharura iliyokwisha pita. Mwezi Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi walijikusanya Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mirefu, kisicho na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Njia kuu ya kuwatoa ilikuwa MV Liemba, meli yenye uwezo wa abiria wapatao 600, ambayo haikuweza kutia gati pale kijijini, hivyo watu walifikishwa kwayo kwa mitumbwi na boti za wavuvi. Walipelekwa Kigoma mjini, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapanda mabasi hadi Nyarugusu. Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo: kwa kila watu 30,000 zinahitajika safari 50 za meli iliyojaa, na kwa safari mbili kwa siku hizo ni siku 25, wakati wote huo wengine wakiendelea kuwasili. Ninapowauliza wanafunzi kitu gani kilipungua Kagunga, hujibu chakula. Wakishafanya hesabu hiyo wanaanza kuuliza kuhusu nafasi ndani ya mitumbwi, maji safi na vyoo.

Hakuna aliyekuwa na muda wa kujaza majedwali kwa ukamilifu siku zile. Anayetaka kuijenga upya picha hiyo hulinganisha daftari za safari za meli, rejista za vituo vya afya, picha za satelaiti na kumbukumbu za watu. Kumbukumbu za tarehe ni dhaifu, lakini kumbukumbu za matukio zina nguvu, kwa hiyo tunaandaa kalenda ya matukio pamoja na wenyeji: siku meli ilipokuja mara ya kwanza, siku ya mvua kubwa, siku ya mazishi fulani. Mtu asiyekumbuka tarehe atakwambia bila kusita kwamba alivuka "siku mbili baada ya meli ya kwanza".

Vibali vichukuliwe kwa uzito na kwa wakati. Kambi za wakimbizi Tanzania haziingiliki bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na ukishakipata bado utapita ofisi ya mkoa, ya wilaya, na ya mkuu wa kambi, kila moja na barua yake. Ninawashauri wanafunzi watenge miezi, na watumie miezi hiyo kusoma hati badala ya kulalamika. Kwa wakimbizi wenyewe, ninaeleza kabla ya swali la kwanza kwamba mimi si mtu wa shirika, kwamba jibu lao halitaongeza wala kupunguza posho, na kwamba wanaweza kukataa. Wengi wameshahojiwa mara nyingi na hawajawahi kuona ripoti hata moja. Mwaka jana nilirudi na kurasa mbili za Kiswahili na Kirundi zenye matokeo ya kupima vikapu, nikazibandika ubaoni penye kituo cha ugawaji baada ya kuruhusiwa na uongozi wa kambi. Watu walizisoma wakiwa wamesimama, na wawili wakanisahihisha kuhusu zamu za makundi.

Fomu ninayotumia sasa haina tena safu ya "kufika". Ina safu za kusimama getini, kuanza kushusha, kumaliza kushusha, kupangwa juu ya chaga, kuandikwa katika leja na kuingizwa katika kompyuta, kila moja na jina la cheo cha aliyeshuhudia na saa kama alivyoitamka. Inachosha kuijaza, nami nimepunguza maswali mengine ili hii ipate nafasi. Masika ijayo nitakuwa kwenye kipande cha Makere, na mzee wa ghala ameniahidi kwamba hati zote atazifunga kwa tarehe za kalamu, tutazipitia pamoja kila Ijumaa karani akiwepo.